Mia Mbili za Bahasha

Kila siku ya shule, ikikaribia saa kumi jioni, Mwanamkasi alishuka basi katika Barabara ya Stratford, akanunua mkate, kisha akakata kona kuingia mtaa wao wa Sparkhill. Nyumba za mtaa huo zilishikana kuta tangu mwanzo hadi mwisho. Yao ilikuwa ile yenye mlango wa kijani uliobanduka rangi. Yao kwa kusema tu, kwa sababu walipanga vyumba viwili vya juu, na jiko walilitumia kwa zamu pamoja na familia nyingine mbili.

Akishasalimia na kuvua koti, kazi yake ya kwanza ilikuwa barua. Baba yake, Makungu, alikuwa aking'arisha vikombe vya fedha na shaba katika karakana moja kule Hockley. Mama yake, Mwanakhamis, alishona nguo za watu kwa cherehani iliyowekwa dirishani. Wote wawili walizaliwa Unguja, na walikuwa na miaka sita Birmingham. Kiingereza cha Baba kilitosha kazini na dukani. Cha Mama kilitosha kumsalimia jirani na kulalamikia mvua. Barua za maofisini zilikaa mezani zikimsubiri Mwanamkasi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

Hata wapangaji wengine walimletea barua zao. "Huyu ndiye wakili wetu," walisema, na Mwanamkasi alifurahi mpaka mashavu yakamwiva. Kwa hiyo alizoea jambo moja baya. Akikutana na neno asilolijua, hakusema, "Sijui." Alibuni maana inayokaribia, akaendelea kusoma bila kupepesa macho.

Alhamisi moja ya Oktoba, mwaka 1971, ilikuja barua yenye karatasi nzito. Ilitoka kwa mwanasheria aliyeshughulikia ununuzi wa nyumba. Kwa maana Makungu alikuwa akitaka kununua nyumba, ya kwanza maishani mwake. Ilikuwa Stechford, si mbali na stesheni ya treni, na ilikuwa na vyumba vitatu na kiwanja kidogo nyuma. Mwenyewe aliitwa Bwana Kewal, Kalasinga aliyewahi kufanya kazi reli Nairobi na ambaye Kiswahili alikijua. Aliitangaza kwa pauni elfu tano na mia saba. Makungu aliahidi elfu tano na mia tatu, akangoja. Mpatanishi wao alikuwa Jaffar, rafiki wa Baba tangu Unguja, mtu aliyefahamiana na kila mtu na aliyependa kusema, "Niachieni mimi."

"Soma, mwanangu," Baba alisema. Hakuwa hata ameketi.

Mwanamkasi alisoma kimoyomoyo, kisha akafasiri. "Mwanasheria anasema ameambiwa bei mliyopatana na Bwana Kewal ni pauni elfu tano na mia tano."

"Alhamdulillahi!" Baba akapiga kofi. "Ameshuka mia mbili. Na sisi tukipanda mia mbili, ndiyo katikati. Nini tena?"

Sehemu ya mwisho ilikuwa ngumu. Palikuwa na neno la stempu, na baada yake maneno marefu kama treni ya mizigo, na tarakimu ile ile ya elfu tano na mia tano imerudiwa. 

"Mwisho anasema tukijibu tusisahau kutia stempu."

Mama aliacha kushona. "Mtu kasoma mpaka kawa mwanasheria, anatukumbusha kutia stempu?"

"Ndivyo walivyo Waingereza," Baba alisema akicheka. Mwanamkasi naye akacheka, lakini barua aliikunja upesi kuliko kawaida.

Furaha ile haikumaliza siku mbili. Jumamosi asubuhi Jaffar alikuja, akaketi, akakataa biskuti.

"Shikamoo, Ami Jaffar," Mwanamkasi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia Baba na kuteremsha sauti. "Makungu, ile elfu tano na mia tano ni ya karatasini tu. Kewal amekaza. Anataka mia saba kamili."

"Mbona mwanasheria kaandika mia tano?"

"Ndiyo ujanja wenyewe. Serikali ya hapa ina kodi kwa anayenunua nyumba. Mpaka elfu tano na mia tano hawakugusi. Ukipita hapo hata kwa pauni moja, wanakukata kwa bei yote, tangu pauni ya kwanza."

"Wanakata kiasi gani?"

Jaffar alipunga mkono hewani. "Nyingi. Mamia. Kwa hiyo tunaandika mia tano, na mia mbili zinazobaki unazitia katika bahasha. Mimi nitamfikishia. Kila mtu hufanya hivyo."

Mama alimtazama Jaffar bila kupepesa. "Mbona asituambie mwenyewe? Mdomo anao, na Kiswahili anakijua."

"Ataona haya, shemeji. Tena nawaomba sana, msimtajie hizo mia mbili hata kidogo. Ukimtajia atakana, halafu ataiuza kwa mwingine. Yuko mtu ameshika pesa mkononi anangoja. Nipeni bahasha Jumapili, si ya kesho, ile inayofuata."

Alipoondoka, chumba kilikuwa kizito. Akiba yote na mkopo waliokubaliwa vilitosha elfu tano na mia tano, si zaidi. Mama alifungua sanduku, akatoa mkufu wake na bangili zake nne za dhahabu, akaviweka mezani. Baba angevipeleka kwa sonara mmoja kule Hockley. Zilizopungua angekopa kwa wenzake wa karakana.

Tangu siku hiyo Mwanamkasi alimchukia Bwana Kewal. Alimwona kama mtu mwenye nyuso mbili, wa kutabasamu mbele ya watu huku mkono wake wa nyuma ukidai bahasha. Jumatano jioni familia ilipokwenda Stechford kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, alilikazia macho kila alilofanya mzee yule. Bwana Kewal alikuwa mrefu, ndevu nyeupe, kilemba cha bluu, na aliwakaribisha kwa chai ya maziwa.

Kwa nini alitazama saa mara mbili? Kwa nini chumba cha nyuma alikipita haraka?

Mwanamkasi alijifanya anafunga kamba ya kiatu, akabaki peke yake katika chumba hicho. Palikuwa na kabati kubwa la mbao lililoegemezwa ukutani. Akachungulia nyuma yake. Ukuta ulikuwa umefanya madoa meusi, karatasi ya ukutani imevimba na kuachia, na harufu ya ubichi ikampiga puani.

Hakusema kitu mpaka walipokuwa stesheni wakingoja treni ya kurudi mjini.

"Baba, nyuma ya kabati ukuta umeoza kwa unyevu. Ameuficha."

Baba alikunja uso. "Unaona! Ananiuzia ukuta mbovu, na bado anataka mia mbili za siri."

"Mimi sijui nani anataka nini," Mama alisema polepole. "Najua tu kwamba kila tunalolijua juu ya mtu huyu, tumeambiwa na mtu mwingine."

"Mwingine yupi? Jaffar? Jaffar ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii bila koti!"

"Sikumtaja mtu," Mama alijibu, na treni ikafika.

Lakini neno la Mama lilimwingia Mwanamkasi. Alianza kufikiri juu ya mambo anayoyajua yeye mwenyewe, na la kwanza lililomjia lilikuwa ile barua. Tarakimu ya elfu tano na mia tano ilirudiwa katika sehemu aliyoiruka, karibu na lile neno la stempu. Jaffar naye alisema kodi huanzia hapo hapo. Je, kama barua haikuwa inazungumzia stempu za posta?

Ijumaa baada ya masomo aliichukua barua mpaka maktaba. Alifungua kamusi kubwa, akatafuta neno moja baada ya jingine, na palipomshinda akamwendea mkutubi, bibi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Ilimchukua nguvu nyingi kutamka maneno ambayo hakuwa ameyazoea.

"Samahani. Hapa sielewi."

Mkutubi hakumcheka. Alisoma naye mstari kwa mstari. Walipomaliza, Mwanamkasi aliikunja barua taratibu. Hazikuwa stempu za kubandika. Ulikuwa ushuru. Na mwanasheria alikuwa ameuliza swali wazi kabisa, ambalo kwa siku nane halikujibiwa kwa sababu yake.

Nyumbani alimkuta Baba ameketi na bahasha tupu mbele yake, na bangili za Mama zimefungwa katika leso, tayari kwenda kwa sonara kesho yake. Mwanamkasi alisimama mlangoni. Alijua kwamba akisema, hakuna atakayemwita tena wakili wa nyumba. Akasema.

"Baba, niliwadanganya kuhusu barua. Mwisho wake sikuuelewa. Nilibuni."

Cherehani ya Mama ilinyamaza.

"Ulibuni?" Baba aliuliza.

"Ile habari ya stempu. Niliona haya kusema sijui."

Baba aliisukuma bahasha kando. Hakufoka, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kufokewa. Kisha akasogeza kiti. "Kaa. Soma tena. Neno usilolijua, sema hulijui, tulitafute pamoja."

Mwanamkasi aliifungua barua. "Anasema kuna ushuru wa stempu kwa anayenunua nyumba."

"Ushuru!" Baba alisema. "Ushuru naujua. Si ndio ule wa forodhani? Endelea."

"Nyumba ya elfu tano na mia tano au chini yake haitozwi kitu. Ikizidi hapo kidogo, inatozwa nusu pauni kwa kila mia ya bei yote. Halafu anauliza: je, kuna malipo mengine yoyote mnayompa mwenye nyumba, nje ya bei hii? Kama yapo, lazima ayajue, kwa sababu mtatia saini kwamba hayapo. Kuyaficha ni kosa la jinai."

Baba alivuta karatasi, akachukua kalamu. "Elfu tano na mia saba ni mia mara hamsini na saba. Nusu pauni mara hamsini na saba..."

"Ishirini na nane na nusu," Mwanamkasi alisema.

"Ishirini na nane na nusu! Si mamia?" Baba aliiweka kalamu chini. "Kwa hiyo niweke jina langu chini ya uongo, nishitakiwe ugenini na kuitia aibu nyumba yangu, ili nisilipe pauni ishirini na nane?"

"Na nani kakwambia ni mamia?" Mama aliuliza.

Baba aliikunja karatasi ya hesabu. Uso wake ulionyesha mtu anayesukuma mlango asiotaka kuufungua. "Labda Jaffar mwenyewe hajui hesabu yake," alisema hatimaye. "Labda ni Kewal anayemtumia. Labda..."

"Labda, labda," Mama alisema. "Tutakufa na labda. Kesho twende Stechford tumuulize mwenye nyumba."

"Jaffar kasema tusiulize."

"Ndiyo sababu nataka kuuliza."

Kesho yake Bwana Kewal aliwafungulia mlango akiwa na mwiko mkononi, akashangaa kuwaona. Waliketi sebuleni. Baba alikohoa, akaangalia zulia, akakohoa tena. Wakubwa wote walionekana kungoja mwingine aanze. 

"Bwana Kewal," Mwanamkasi akasema, "hizo pauni mia mbili za bahasha, wewe ndiye uliyezitaka?"

Mzee yule aligeuka taratibu. "Mia mbili gani? Bahasha gani?"

"Zile za kutoandikwa. Tumeambiwa bei ni elfu tano na mia saba, na mia mbili tukupe kwa siri."

Bwana Kewal aliweka kikombe chini kwa nguvu, chai ikamwagika. "Mimi? Mimi nilimwambia Jaffar mwezi uliopita, elfu tano na mia tano, basi, kwisha! Nilimwambia nimepunguza mia mbili kwa sababu ya ukuta wa nyuma. Hakuwaambia?"

"Ukuta uliouficha kwa kabati?" Mwanamkasi aliuliza, na papo hapo akatamani asingesema.

"Kuficha?" Bwana Kewal aliinuka. "Njooni!"

Aliwaongoza mpaka chumba cha nyuma, akaliwekea bega kabati. Halikusogea. Baba akamsaidia, wakalisukuma wawili wakihema, nalo likatoka dhiraa moja. "Kabati hili lilikuwa hapa siku niliyonunua nyumba. Mtu mmoja haliwezi. Nilimwambia Jaffar awaonyeshe ukuta huu. Karatasi ya fundi nilimpa pia. Nakala ninayo." Alitoa karatasi mfukoni mwa koti lililotundikwa mlangoni. Fundi alikuwa amekadiria matengenezo kuwa pauni themanini. "Mara ile nilipita haraka kwa sababu nilidhani mmeshajua. Tena mke wangu alikuwa hospitali, nilikuwa nachungulia saa nisikose muda wa kumwona."

Mwanamkasi aliinamisha kichwa. Kila ishara aliyoisoma kwa mzee yule ilikuwa na maana nyingine, na ile aliyoipa yeye aliibuni, kama alivyobuni stempu.

"Nisamehe, Bwana Kewal," alisema.

"Umeuliza," mzee alijibu, sauti ikilainika. "Wengine hawaulizi. Wananichukia tu."

Baba alipapasa ukuta, akanusa vidole vyake. Sasa alikuwa mtu anayenunua nyumba. "Bwana Kewal, tuzungumze sisi wenyewe, bila mtu katikati. Ukuta huu nimeuona leo. Fundi anasema themanini. Nitakupa elfu tano na mia nne."

"Mia nne! Unataka watoto wangu wanicheke? Nilishapunguza mia mbili."

"Kwa unyevu nisioambiwa."

"Nilikuambia! Kwa mdomo wa mtu mbaya, lakini nilikuambia. Mia nne na themanini."

Mama aligonga sakafu kwa kisigino. "Na ubao huu unacheza."

Bwana Kewal alimtazama Mama, akamtazama Baba, kisha akaanza kucheka. "Huyu mama ni mkali kuliko mwanasheria. Mia nne na hamsini, na kabati nawaachia. Hata nikitaka siwezi kulichukua."

"Elfu tano, mia nne na hamsini," Baba alisema. "Yote kwenye karatasi."

"Yote kwenye karatasi," Bwana Kewal alirudia, wakapeana mikono. Kwa bei hiyo ushuru haukuwepo hata peni moja, na hapakuwa na haja ya kuficha chochote.

Jumapili alasiri Jaffar alikuja kuchukua bahasha. Alikuta chai imeandaliwa na watu watatu wasiotabasamu.

"Tumetoka kwa Kewal jana," Baba alisema. "Tumemuuliza."

 Jaffar alimtazama Mama, kisha mlango. "Makungu, mimi nimehangaika na jambo hili mwezi mzima. Nauli, simu... Hata dalali ana ujira wake."

"Ungeniomba ujira ningekupa, na ningekushukuru mbele za watu. Lakini ulitaka mke wangu auze dhahabu zake, na mimi nitie saini uongo, halafu ukanitisha kwa kodi usiyonitajia kiasi chake." Baba hakupandisha sauti. "Chai imo birikani, Jaffar. Bahasha haimo."

Jaffar hakunywa chai. Aliteremka ngazi taratibu, na Baba alibaki akiutazama mlango kama mtu aliyefiwa. Ilikuwa vigumu kwake kufurahi siku hiyo, ingawa alikuwa ameokoa fedha nyingi.

Wiki sita baadaye walikwenda ofisini kwa mwanasheria kutia saini. Mwanasheria aliuliza tena kama kuna malipo mengine yoyote. Baba alijibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha karakana: hakuna. Akaandika jina lake pole pole, herufi kwa herufi.

Walipotoka nje palikuwa na baridi kali, na Mwanamkasi alikuwa na jambo la kusema. "Mama, mimi nilimshuku Bwana Kewal bure. Kumbe kushuku ni vibaya."

Mama alimfunga vizuri kitambaa cha shingo. "Hapana, mwanangu. Mimi nilishuku tangu siku ya kwanza, wala sijuti. Moyo ukikuambia kuna kitu hakiko sawa, usikilize. Lakini shaka haijui jibu, inajua swali tu. Wewe ulipoibuni maana ya barua, ulijipa jibu kabla ya kuuliza. Baba yako alipomwamini Jaffar kwa kila kitu, alifanya vile vile. Na Jaffar alijua kwamba katika nyumba yetu hakuna anayependa kusema, 'Sijui.' Hapo ndipo alipopitia."

"Na kama nisingesema kuhusu barua?"

"Tungenunua nyumba kwa uongo, na kila mtu akibisha mlango tungeshtuka." Mama alimshika mkono, wakavuka barabara. "Mtu anayekiri kwamba hajui hudanganywa mara chache. Mtu anayejifanya anajua, huyo ndiye anayetafutwa."